Mwembe wa jirani umeinamia bati langu: nikate, nisikate?

Swali kutoka kwa msomaji wa Tabata, Dar es Salaam:

"Wakili, pole na kazi. Naishi kwenye nyumba niliyoachiwa na marehemu mama. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, ana mwembe mkubwa ulioinamia upande wangu, matawi mawili yako juu kabisa ya bati. Majani yanaziba gata zinazopeleka maji kwenye simtanki, ukuta wa chumba cha nyuma umeshapata ufa, na maembe yakidondoka usiku watoto wanashtuka. Mpaka wa nyuma ni michongoma ambayo hakuna anayekumbuka nani aliipanda, na sasa imepita kimo cha mtu. Nikimweleza mzee ananijibu, 'Mwembe huu ulikuwepo kabla wewe hujazaliwa.' Mdogo wangu anataka kuleta kijana wa chenso siku mzee akisafiri. Je, nina haki ya kukata? Maembe yanayoangukia kwangu ni ya nani? Na tawi likivunja bati, nani analipa?"

Dada yangu, mwambie mdogo wako aiache hiyo chenso kwanza. Haki ya kukata unayo, na nitakueleza inatoka wapi na inaishia wapi. Lakini kazi hiyo ikifanyika mzee akiwa safarini, kesho yake wewe uliyekuwa mlalamikaji utaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa kama mlalamikiwa, na huyo mzee atakuwa na kila sababu ya kusikilizwa kwa huruma.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui. Huku Tanzania Bara hatuna sheria ya Bunge yenye kifungu kinachozungumzia tawi la mti lililovuka mpaka wa jirani. Kinachotumika ni kanuni za kero baina ya majirani, na hizo tumezirithi. Sura ya 358 ya sheria zetu inaelekeza mahakama kutumia kanuni za sheria za Uingereza zilizokuwepo tarehe 22 Julai 1920, pale ambapo sheria zetu hazijajitosheleza na kwa kadiri mazingira ya watu wetu yanavyoruhusu. Wakenya nao wana sheria ya namna hiyo, ila tarehe yao ni 12 Agosti 1897. Kwa hiyo usishangae nikikupeleka Uingereza ya zamani kuzungumzia mwembe wa Tabata.

Kesi mama ni ya Lemmon na Webb. Lemmon alikuwa na miti mikubwa ya siku nyingi, matawi yake yakiwa yametanda juu ya ardhi ya Webb. Siku moja Webb akayakata bila kumwambia mtu. Lemmon alishtaki, shauri likapanda mpaka ngazi ya juu kabisa ya mahakama za Uingereza, na mwaka 1894 likaamuliwa kwamba Webb hakukosea. Tawi lililovuka mpaka ni kero, na mwenye ardhi anaweza kuiondoa kero hiyo mwenyewe, hata bila kutoa taarifa, mradi asikanyage ardhi ya mwenzake. Shauri hilo linajibu pia hoja ya mzee wako. Kule kukaa juu ya ardhi ya mtu kwa miaka mingi hakulipatii tawi haki ya kubaki hapo. Mti haujipatii haki ya kupita juu ya bati lako kwa sababu una umri mkubwa kuliko wewe.

Mipaka ya haki hiyo ni hii, na isome polepole. Unakata kuanzia pale tawi linapovuka mstari wa mpaka. Hufuati tawi mpaka kwenye shina, hata kama mtaalamu atakuambia kwamba hapo ndipo panapofaa kukatwa. Hupandi mti wake, huegemezi ngazi upande wake, hupiti uani kwake. Na ulichokikata ni mali yake: kuni, fito, majani, vyote. Ukitaka kubaki navyo, muombe. Niliwahi kusimama upande wa familia moja iliyokata mwarobaini wa jirani upande mzima hadi shinani, ikiamini kwamba inatumia haki yake. Mti ulikufa. Familia ile, iliyokuwa na malalamiko ya haki kabisa, iliishia kulipa fidia, na mimi sikuwa na la kuwatetea kwa kile kipande walichokikata ng'ambo ya mpaka.

Kuna jambo baya zaidi ambalo nalisikia mitaani, nami nalisema ili lisikupitie hata kichwani: kumwaga chumvi, dizeli au tindikali kwenye mizizi usiku, au kumenya gome kuzunguka shina lote ili mti ukauke pole pole. Huko si kuondoa kero. Ni kuharibu mali ya mtu kwa makusudi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na ukiingia kwa mtu kulifanya unaongeza kosa la pili.

Maembe. Hili linawaumiza wengi, kwa sababu akili ya kawaida inasema kilichodondoka uani kwangu ni changu. Sheria haisemi hivyo. Mwaka 1919, katika shauri la Mills na Brooker, jirani alichuma matofaa kwenye matawi yaliyovuka kwake akayauza. Mahakama ilisema haki ya kukata tawi haibebi haki ya kula tunda, na akatakiwa kulipa thamani yake. Angalia mwaka: 1919. Uamuzi huo ulitangulia ile tarehe yetu ya 22 Julai 1920 kwa kama mwaka mmoja tu, ndiyo maana sina wasiwasi kuutaja. Kwa hiyo maembe ni ya mzee, naye akiyataka atabisha hodi, maana haruhusiwi kuingia kwako bila ridhaa. Mtoto wako akiokota embe lililopasuka akala, hakuna hakimu atakayepoteza asubuhi yake kwa hilo. Kuyajaza kwenye ndoo na kuyapeleka gengeni ni jambo jingine.

Na kwa wasomaji wa pwani na visiwani niongeze: huko kuna desturi ya zamani ambapo mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ya mtu mwingine. Ukinunua kiwanja chenye miti mikubwa, uliza miti ni ya nani kabla hujagusa panga.

Sasa swali lako la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: tawi likivunja bati, nani analipa? Watu wengi hudhani mwenye mti analipa tu, kwa kuwa mti ni wake. Sivyo. Kwa madhara ya tawi lililoanguka, swali ambalo mahakama itauliza ni: alijua, au alipaswa kujua, kwamba ni hatari? Uingereza, katika shauri la Noble na Harrison la mwaka 1926, tawi lililokuwa juu ya barabara lilikatika siku ya hali ya hewa nzuri kabisa, likaliangukia basi lililokuwa likipita. Mwenye mti hakulipa. Tawi lilikuwa na ufa uliojificha ndani, ambao hata mtu mwangalifu akiukagua mti asingeuona. Uamuzi huo ni wa baada ya 1920, kwa hiyo hauwafungi mahakimu wetu, lakini unashawishi, na mantiki yake ni ile ile ninayoikuta wanapouliza maswali barazani.

Ndiyo maana nakusisitizia barua. Leo hii mzee anaweza kusema, "Sikujua kama tawi limeoza, ni kazi ya Mungu." Akishapokea barua yenye picha inayoonyesha tundu kwenye maungio ya tawi, njia za mchwa zikipanda shinani na uyoga umeota chini ya mti, hawezi tena kusema hivyo. Siku tawi likianguka baada ya barua hiyo, jina la jambo linabadilika kutoka bahati mbaya kuwa uzembe. Hata upepo mkali haumwokoi kirahisi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu kupitia Mafia, mwenye mti mzima wenye afya uliong'olewa angeweza kusema hilo lilizidi uwezo wa binadamu. Mwenye mti uliooza, ambao jirani alishaulalamikia kwa maandishi, asingeweza kusimama na hoja hiyo hiyo.

Kuna shauri la London linaloonyesha nguvu ya taarifa vizuri kuliko lolote nilijualo. Mizizi ya mti mmoja wa barabarani ilikausha udongo chini ya majengo, kuta zikapasuka. Wenye majengo waliitaarifu manispaa, wakaomba mti uondolewe, kazi ya kama pauni 14,000. Manispaa ikakataa. Ikabidi misingi iimarishwe kwa zaidi ya pauni 570,000, na mwaka 2001 mahakama ya juu ikaamua manispaa ilipe. Majaji walisema mwenye mti anastahili kuarifiwa na kupewa nafasi ya kutosha kurekebisha. Akishapewa nafasi hiyo akaiacha, gharama ni zake.

Hapo tumefika kwenye ufa wako, na nakuomba usiwe na haraka ya kuilaumu mizizi. Kisheria mzizi uliovuka mpaka ni kama tawi: unaweza kuukata upande wako. Lakini mwembe umekuinamia wewe. Mizizi minene iliyo upande wako ndiyo nguzo inayouzuia usiangukie nyumba yako, na ukiikata karibu na shina unaweza kuukaribisha mti wote chumbani. Halafu fikiria gata zako. Zikiziba, maji ya mvua hayaendi kwenye simtanki, yanamwagika ukutani na kuchimba msingi, hasa kama udongo wenu ni mchanga au mfinyanzi unaovimba na kusinyaa. Nimeona kuta nyingi ambazo mti ulisingiziwa kumbe aliyezipasua ni maji, au fundi aliyejenga bila linta na msingi wa kina cha kiganja. Mwite fundi achimbe shimo dogo pembeni ya msingi mahali penye ufa. Mkikuta mzizi umeunyanyua au umeubana, pigeni picha kabla ya kufukia. Msipoukuta, safisha gata, elekeza maji mbali na ukuta, uone kama ufa unaendelea kupanuka. Mahakama nayo itakuuliza wewe ulifanya nini kupunguza hasara yako, na "nilisubiri" si jibu zuri.

Michongoma. Hapa kwanza mtafute mpaka wenyewe. Kama viwanja vimepimwa, kuna bikoni zimezikwa mahali, na ofisi ya ardhi ya halmashauri ina ramani ya upimaji. Mpimaji anaweza kuwaonyesha mstari kwa siku moja. Michongoma ikiwa imesimama upande wa mzee, ni yake, na kinachochungulia kwako unakikata kama tawi. Ikiwa upande wako, ni yako na jukumu la kuipunguza ni lako. Ikiwa juu ya mstari wenyewe, ichukulieni kuwa ya wote wawili: kila mmoja anapunguza upande wake, kimo mnakubaliana, na hakuna anayeing'oa peke yake. Kung'oa ua wa mpaka kwa nia ya kusogeza mpaka ni kosa la jinai, na katika maeneo yasiyopimwa mmea wa mpaka ndio shahidi mkuu. Kwa Wachaga sale, mmea wa kupandwa mpakani, ndilo linalotenga kihamba (shamba la ukoo) na kihamba, na ndilo hilo hilo hupelekwa kwa mtu kumwomba msamaha. Jina la Ziwa Manyara nalo linaelezwa kutokana na neno la Kimaasai la mnyaa, mmea wa kuzungushia boma. Watu wetu walijua zamani kwamba ua wa mimea ni hati.

Kimo? Uingereza na Wales wana sheria ya mwaka 2003 inayomruhusu mkazi kulalamika kwa halmashauri kuhusu ua wa miti ya kijani kibichi mwaka mzima uliozidi mita 2 na unaomzibia mwanga. Sisi hatuna kanuni ya namna hiyo ya Bunge, kwa hiyo kimo peke yake hakikupi kesi. Miiba inayochoma wapita njia inakupa, na mwenye ua ndiye anayewajibika kuikata isiingie njiani. Wenye ua wa minyaa nawaonya kwa nafasi hii: utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuliharibu. Mkiupunguza, vaeni miwani na watoto wakae ndani.

Kuhusu kibali. Mwembe si mti wa msituni, lakini halmashauri nyingi za miji zina sheria ndogo kuhusu ukataji miti, kwa hiyo pita kwa afisa misitu au afisa mazingira wa halmashauri uulize kabla ya kuangusha mti mzima. Kupunguza matawi ni jambo jepesi zaidi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 nayo inaruhusu aina fulani za miti kutangazwa kuwa za hifadhi, na hizo hazikatwi bila kibali. Na kama tawi lolote limegusa au limekaribia waya za umeme, asiliguse kijana wa chenso. Toeni taarifa TANESCO, wao ndio wanaosafisha njia ya waya zao.

Sasa utaratibu. Nenda kwa mzee mwenyewe, jioni, bila mdogo wako. Usianze na sheria. Kama matawi yana tundu la mchwa, mwonyeshe, mwambie unaogopea watoto. Mara nyingi mzee anayesema "ulikuwepo kabla hujazaliwa" hazungumzii sheria, anazungumzia mti alioupanda na pengine mke wake au baba yake, naye anadhani unataka kuufyeka. Mwambie unataka matawi mawili tu. Pendekeza mgawane gharama. Najua kisheria hulazimiki, lakini nimeona nusu ya ujira wa kijana wa chenso ikiokoa miaka ya kesi.

Akikataa, andika. Maneno yawe machache: "Mzee wangu, shikamoo. Kama tulivyozungumza tarehe fulani, matawi mawili ya mwembe wako yaliyo juu ya bati langu yana tundu na mchwa, kama picha zinavyoonyesha. Naomba yapunguzwe ndani ya siku 21. Yasipopunguzwa, nitakata sehemu iliyovuka mpaka kwa gharama zangu, nami nitakurudishia kuni zako. Madhara yakitokea kabla ya hapo nitalazimika kudai fidia." Andika nakala mbili, mpe mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, naye asaini yako. Ukimtumia pia kwa simu, usiufute ujumbe: tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Nimekuambia kwamba Webb hakutoa taarifa na akashinda. Wewe toa. Yeye alikuwa akitetea tu haki ya kukata, wewe huenda siku moja ukadai fidia.

Msipoelewana na mzozo ukawa wa mpaka, yaani nani mwenye ardhi ilipo michongoma, kuna Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, linasuluhisha. Likishindwa linatoa cheti cha kushindwa usuluhishi, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila cheti. Usiruke hatua hiyo, kesi nyingi zinatupwa kwa sababu hiyo. Kama mpaka haugombewi na unachodai ni fidia ya bati na ukuta, hilo ni dai la madhara, linaenda mahakama za kawaida, na una miaka mitatu tangu madhara yatokee. Watu hukaa wakitarajia jirani atabadilika, wakija ofisini muda umeshaisha.

Mwisho, namna ya kukata, maana mkikubaliana mtaitaka. Subirini maembe yaishe, Januari, mkate Februari kabla ya masika. Mkisubiri hadi mti uchanue katikati ya mwaka mtamnyima mzee mavuno, na hapo atakuwa na haki ya kununa. Akikubali mkate ndani ya mpaka wake, kijana asiliangushe tawi kwa mkato mmoja. Akate kidogo kutoka chini kwanza, mbele kidogo ya shina, kisha juu mbele kidogo ya hapo, akishusha tawi kwa kamba lisipige bati, halafu amalizie kisiki karibu na ule uvimbe ambapo tawi limetokea, bila kuuchana. Uvimbe huo ndio unaofunga kidonda. Asiondoe zaidi ya robo ya mwavuli wa mti kwa msimu mmoja, na asiukate kichwa. Mwembe uliokatwa kichwa huchipua fito nyingi zilizoshika kwa juu juu tu, na baada ya miaka michache utakuwa umeniandikia tena kuhusu bati lile lile.